Woga wa nyoka umetoka wapi?

Charles Darwin aliwahi kushindana na kifutu, akashindwa. Ilikuwa katika bustani ya wanyama ya London. Alisogeza uso hadi karibu kabisa na kioo kinene kilichomtenganisha na yule nyoka, akajiapiza kwamba hata nyoka akigonga, yeye hatarudi nyuma ng'o. Nyoka akagonga. Darwin akajikuta ameruka nyuma kama mita moja hivi, au mbili, kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe. Kisa hicho alikiandika mwaka 1872 katika kitabu chake kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, akakiri kwamba nia yake na akili yake vyote havikufua dafu mbele ya hatari ambayo hajawahi kuipata maishani.

Kifutu tunamjua. Ni mnene, mvivu, anajilaza katikati ya njia ya shambani na wala hajisumbui kukupisha. Mzee wa Kiingereza aliyekulia nchi yenye nyoka mmoja tu wa sumu, tena mdogo, alikuwa na sababu gani ya kumruka kifutu aliyefungiwa kiooni?

Wahenga wetu walikwisha sema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni methali nzuri, na inaeleza vizuri namna mtu anavyojifunza. Ila inamtaka mtu aumwe kwanza. Darwin hakuwa ameumwa. Mimi pia sijawahi kuumwa, lakini mpira wa kumwagilia bustani ukiachwa umejikunja kwenye nyasi jioni, moyo unanilipuka kabla sijajua nimeona nini. Sasa kama si mimi, ni nani aliyeumwa?

Jibu la haraka ni "mababu", lakini hilo linahitaji kurekebishwa kidogo. Mtu aliyeumwa hamrithishi mtoto wake ule woga wake, kama ambavyo mwenye kovu hazai mtoto mwenye kovu. Walioumwa wakafa mapema hawakuacha watoto wengi. Sisi ni uzao wa wale walioshtuka kwa wakati, kizazi baada ya kizazi, kwa mamilioni ya miaka, tangu wazee wetu hawajawa watu. Hivyo ndivyo uteuzi asilia unavyofanya kazi: haumfundishi mtu mmoja mmoja, unachuja. Na kitu kinachochujwa si umbo la mfupa peke yake. Hata namna ya kuona, kushtuka, kukumbuka, kupenda na kuchukia imepita kwenye chujio hilohilo.

Jambo hili shuleni hatukuambiwa. Tulifundishwa mageuko kama habari ya mifupa. Fuvu la Olduvai la mwaka 1959, nyayo za Laetoli, mchoro wa viumbe wanaoinuka hatua kwa hatua mpaka mtu anayetembea wima, kisha mtihani. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa na kauli yake aliyoirudia kila mara: jibuni mtihani, imani zenu baki nazo. Ilikuwa kauli ya busara kwa darasa lenye watoto wa madhehebu yote. Lakini nadhani alijua, kama tulivyojua sisi, kwamba mifupa haikuwa ikimsumbua mtu. Ugumu uko kichwani, ndani ya fuvu. Mtu anaweza kukubali kwamba mkono wake unafanana na wa sokwe. Umwambie kwamba wivu wake, au uchungu wake kwa mwanawe, nao una historia ya namna hiyo, atakuangalia vibaya.

Darwin alilijua hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu mageuko karibu alimruka binadamu kabisa, ila mwishoni alidokeza kwamba siku moja elimu ya nafsi itajengwa juu ya msingi mpya. Miaka kumi na kitu baadaye akaanza kuuchimba msingi huo, na ala zake zilikuwa za ajabu kwa unyenyekevu. Alipeleka nyoka aliyekaushwa na kujazwa kwenye banda la kima hapo London, banda zima likalipuka kwa kelele. Kisha akawawekea nyoka hai ndani ya mfuko wa karatasi, mdomo wa mfuko ukiwa haukufungwa sawasawa. Kima mmoja akasogea, akafungua kidogo, akachungulia, akakimbia. Halafu wengine wakaja mmoja mmoja, vichwa vimeinuliwa na kuelekezwa upande, kila mmoja akitaka kuiona ile hatari kwa macho yake. Ukiwahi kuona watu walivyosimama duara kuzunguka shimo lenye nyoka, wakipiga kelele huku wakisogea mbele, utawajua kima wale ni jamaa zetu.

Kuna jambo linalowachanganya watu wengi hapa, nami ningependa tulinyooshe kabla ya kwenda mbali. Ukiuliza "kwa nini nilishtuka?", swali hilo lina majibu zaidi ya moja, na yote yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja. Niko Tinbergen, Mholanzi aliyefundisha Oxford na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliandika mwaka 1963 kwamba swali la "kwa nini" kuhusu tabia ya kiumbe lina sura nne. Unaweza kuulizia mitambo ya mwilini: jicho, neva, homoni. Unaweza kuulizia malezi: uwezo huu ulikuaje tangu utotoni. Unaweza kuulizia faida: unamsaidiaje kiumbe kuishi na kuzaa. Na unaweza kuulizia nasaba: ulianzia kwa nani, na jamaa zake wa mbali wanao? Mabishano mengi ninayoyasikia, kati ya anayesema "ni malezi" na anayesema "ni asili", ni ya watu wawili wanaojibu maswali tofauti huku kila mmoja akidhani mwenzake amekosea.

Twende Amboseli, upande wa Kenya, chini ya Kilimanjaro. Pale kuna tumbili, hawahawa wanaoiba ndizi za wageni hotelini. Katika miaka ya 1960 mtafiti Thomas Struhsaker aliona kwamba tumbili hao hawana mlio mmoja wa hatari. Wakimwona chui wanatoa mlio wa namna moja, wakimwona tai wa namna nyingine, nyoka naye ana wake. Wengi walidhani huo ni ukali wa hofu tu, jinsi mtu anavyopiga ukunga mkubwa au mdogo. Ndipo Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakaja na vipaza sauti, wakavificha vichakani, wakawachezea tumbili milio iliyorekodiwa bila ya kuwepo hatari yoyote. Matokeo waliyachapisha mwaka 1980. Mlio wa chui ukisikika, tumbili waliokuwa chini walikimbilia mtini. Wa tai, waliangalia juu au kujitosa vichakani. Wa nyoka, walisimama kwa miguu miwili na kuanza kukagua nyasi zilizowazunguka.

Kinachonivutia zaidi ni watoto wao. Tumbili mdogo hukosea, lakini makosa yake yana mpaka. Mlio wa tai huutoa kwa ndege wa kila aina, hata kwa jani linaloanguka, ila si kwa mnyama anayetembea ardhini. Wa chui hukosewa kwa wanyama wa nchi kavu wasio na madhara, na wa nyoka kwa vitu vinavyofanana na nyoka. Kwa hiyo mtoto anaanza maisha akiwa na makundi makubwa tayari, kisha wakubwa na uzoefu wanamsaidia kuyachonga: ndege huyu ndiyo, yule hapana. Sasa utamjibu nini anayekuuliza kama ni asili au ni malezi?

Jibu lililo wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitoka maabara, Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1980. Susan Mineka na Michael Cook walikuwa na kima wa jamii ya makaki, wengine waliokamatwa porini na wengine waliozaliwa kizuizini. Wa porini waliogopa nyoka sana. Waliozaliwa kizuizini hawakuwa na habari. Ukiweka chakula nyuma ya nyoka, walinyoosha mkono juu yake na kuchukua. Kwa hiyo wale wanaosema tumezaliwa na woga wa nyoka, kwa maana ya woga uliokamilika, wamekosea. Lakini kima asiyeogopa akimtazama mwenzake wa porini akitishika kwa nyoka, hata kwa muda mfupi tu, naye anaanza kuogopa. Hata kwenye video.

Ndipo wakafanya ujanja. Walizihariri zile video. Kima wa kwenye kioo aliyekuwa akimwogopa nyoka, sasa akaonekana kama anaogopa maua. Watazamaji waliona woga uleule, uso uleule, kuruka kulekule. Kilichobadilika ni kitu kinachoogopwa. Walioona mwenzao akiogopa nyoka wa kuchezea, au mamba wa kuchezea, walijifunza kuogopa. Walioona akiogopa maua, au sungura wa kuchezea, hawakujifunza kitu.

Nimelisoma jaribio hili mara nyingi, na kila nikilisoma naona linapangusa mezani nusu ya ubishi wa asili na malezi. Kilichorithiwa ni wepesi wa kujifunza jambo fulani kuliko jingine. Kima wale walihitaji mwalimu, kama anavyohitaji mtoto wa binadamu. Ila wanafunzi walikuja darasani wakiwa wamekwisha elekea upande mmoja.

Kwa watoto wetu hali inafanana. Judy DeLoache na Vanessa LoBue walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wachanga hawamwogopi nyoka anayetambaa kwenye video, lakini wakisikia sauti ya mtu aliyetishika, macho yao yanamganda nyoka kwa muda mrefu kuliko wakisikia sauti ya mtu mwenye furaha. Mwaka 2017 Stefanie Hoehl na wenzake walipima mboni za watoto wa miezi sita: zilitanuka zaidi walipoonyeshwa picha za nyoka na buibui kuliko za maua na samaki. Mtoto wa miezi sita hajasikia hadithi yoyote ya nyoka wa Edeni.

Sasa linganisha na pikipiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani kote, na nchi zetu zimo kwenye hesabu hiyo kwa uzito. Ajali za barabarani zinaua takriban watu milioni 1.19. Hata hivyo sijawahi kumwona mtu akiota jasho viganjani kwa kuonyeshwa picha ya bodaboda. Tunapanda watatu, bila kofia ngumu, usiku, huku tukiandika ujumbe kwenye simu. Barabara ya lami na injini vina umri wa vizazi vichache. Chujio halijapata muda. Mtu anayeielewa akili kama chombo kilichofika hapo kilipo bila kuchorewa ramani na fundi hatashangaa kwamba inaogopa kitu kwa kiwango cha jana wakati inaishi leo.

Na kwa nini chombo hicho kinapiga kelele mara nyingi bila sababu? Daktari wa akili wa Kimarekani, Randolph Nesse, ametoa hesabu rahisi. Kuruka kwa ajili ya mpira wa maji kunakugharimu sekunde mbili na aibu kidogo. Kutoruka kwa ajili ya kifutu kunaweza kukugharimu mguu, au maisha. Gharama zikipishana hivyo, mfumo bora ni ule unaokosea mara nyingi upande wa tahadhari. Nesse aliitumia hesabu hiyo kufikiria upya wasiwasi unaowapeleka watu kliniki. Hasemi kwamba wagonjwa waachwe. Anasema tabibu anayejua wasiwasi una kazi gani ataweza kutofautisha kengele iliyolia kimakosa na kengele iliyoharibika. Kwetu, ambako mtu mwenye wasiwasi wa kudumu huambiwa aombe zaidi au aache kuwaza, naona tofauti hiyo ni ya thamani kubwa.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, Ziwa Eyasi, Tanzania, kwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. David Samson na wenzake waliwafungia vifaa vya kupima usingizi watu wazima 33 kwa siku 20. Wengine walikuwa wa kulala mapema, kama saa 2 usiku, na kuamka saa 12 asubuhi. Wengine walikaa mpaka baada ya saa 5 usiku na kuendelea kulala hadi saa 2 asubuhi. Katika zaidi ya saa 220 za kipimo, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kwa kawaida, wakati wowote wa usiku watu kama wanane walikuwa macho au wamesinzia tu. Hakuna aliyepangiwa zamu ya ulinzi. Tofauti za umri peke yake zilisaidia sana kuleta hali hiyo, kwa sababu wazee huwahi kulala na kuwahi kuamka. Watafiti wakapendekeza, mwaka 2017, kwamba huenda usingizi mwepesi wa uzeeni na ule wa vijana wanaokesha vilibaki kwa sababu kambi yenye watu macho usiku kucha ilipona simba na maadui.

Bibi yangu alikuwa anaamka saa 9 usiku, anakaa kitandani akihesabu tasbihi, akituambia asubuhi kwamba uzee umemwibia usingizi. Sijui angesemaje kuhusu Samson. Mimi nalipenda wazo lile, na kwa sababu nalipenda nalishikilia kwa vidole viwili tu. Kuona kwamba jambo lina manufaa leo hakuthibitishi kwamba lilichujwa kwa ajili ya manufaa hayo. Mwili unaochoka nao huharibu usingizi.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wa upande wangu. Kila mwezi kwenye magrupu ya WhatsApp inapita ile habari ya "sayansi imethibitisha": mwanaume ni mwindaji kwa asili, hivyo ameumbwa kuzunguka, mwanamke ni wa kukaa kambini, hivyo anatafuta mwenye mali. Anayeisambaza mara nyingi ana jambo lake nyumbani. Ukiwatazama hao Wahadzabe wanaotajwa kama ushahidi, unakuta ndoa nyingi ni za mume mmoja na mke mmoja, ingawa kuachana na kuoa tena ni kawaida, na akina mama na mabibi wanaochimba mizizi na kuchuma matunda huleta sehemu kubwa ya chakula. Kristen Hawkes na wenzake walivutiwa mno na wale mabibi, kiasi cha kudai kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma hedhi yalitokana na bibi kuwalisha wajukuu. Hiyo haipiti WhatsApp.

Zaidi ya hayo, Wahadzabe ni watu wa leo. Wana historia ndefu kama ya mtu wa Stockholm, wanabadilishana bidhaa na majirani wafugaji, na wengine wana simu. Wanatufundisha jinsi maisha ya kuwinda na kukusanya yanavyoweza kuwa; kuwageuza picha ya binadamu wa zamani ni kuwadhulumu, na ni sayansi mbovu.

Ubovu wa pili ni wa saikolojia yenyewe. Uchambuzi uliotoka mwaka 2008 ulipitia majarida sita makubwa ya Kimarekani, ukakuta asilimia 96 ya watu waliopimwa wanatoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wengi wao wanafunzi wa chuo. Mtu anayedai jambo fulani ni urithi wa wanadamu wote, kisha akawapima wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja, hajapima alichodai. Nadharia ya mageuko ndiyo inayomlazimisha asafiri.

Basi dai zuri la namna hii linafanana vipi? Lynne Isbell alitumia miaka mingi kuwafuatilia kima nchini Kenya. Mwaka 2006 alitoa hoja kwamba macho makali ya jamii yetu yote, kima, sokwe na watu, yalinolewa na nyoka. Wengine walikuwa na maelezo yao: Matt Cartmill alisema macho yanayotazama mbele yaliwafaa wazee wetu kukamata wadudu gizani, Robert Sussman akasema ni matunda na maua kwenye ncha za matawi. Isbell alielekeza kidole Madagaska, kisiwa kisicho na nyoka wenye sumu wa kutisha, ambako lemuri, jamaa wa mbali wa kima, hawaoni vizuri kama kima wa bara. Kisha akasema kitu ambacho kingeweza kumwaibisha: kama yuko sahihi, ndani ya ubongo wa kima kuwe na seli za neva zinazowahi kumtambua nyoka kuliko vitu vingine.

Mwaka 2013 timu ya Japani, yeye akiwa mmoja wao, iliweka elektrodi kwenye sehemu ya ubongo iitwayo pulvina ya makaki wawili ambao hawakuwa wamewahi kukutana na nyoka. Waliwaonyesha picha za nyoka, nyuso za kima wenye hasira, mikono na maumbo ya kawaida. Seli nyingi ziliitikia nyoka kwa nguvu zaidi na haraka zaidi, hata kuliko ile nyuso yenye hasira, ambayo kwa kima ni habari nzito.

Makaki wawili ni wachache, na seli za leo hazituambii peke yake macho yalianza kunolewa na nani. Cartmill na Sussman bado wana hoja zao, na sioni kwa nini nyoka, wadudu na matunda visiwe vimechangia vyote kwa zamu. Lakini Isbell alitaja kitakachokutwa kabla hakijatafutwa, tena akasema kitafutwe wapi. Mwenye kusambaza ile habari ya mwanaume mwindaji nimemuuliza zaidi ya mara moja ni matokeo gani yangemfanya akubali amekosea. Hunijibu kwa emoji.